Boksi Limebadilika, Mbona Hatukuambiwa?

 

Wiki hii mtusamehe, hatuna habari ya lesi wala ya mitindo mipya ya mashela. Tunataka kuzungumza juu ya kidonge. Kidonge kidogo tu, ambacho wanawake wengi tunakimeza kila asubuhi na hatumwambii mtu. Tumelitia moyoni jambo hili mwaka mzima, na sasa tumeona tuliseme, kwa sababu kila tukikaa na wateja wetu kuwapima magauni, tunasikia kisa kama chetu.

Sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja, tunashona nguo za harusi hapa mjini. Mmoja wetu ana maradhi ya tezi ya shingo, ile wanayoiita thairoidi. Ni yupi hatutasema, maana siku ile tulilia sote, na hasara tulilipa sote.

Kwa asiyeijua, tezi hii iko mbele ya shingo na ina umbo kama la kipepeo. Inatoa homoni inayouendesha mwili mzima: mapigo ya moyo, joto, choo, hedhi, usingizi, hata nywele. Ikizembea, unachoka bila ya kufanya kazi, unasikia baridi wenzio wakijipepea, unanenepa, nywele zinatoka kwenye kitana kwa mafungu, hedhi inavurugika na mimba inachelewa. Dawa yake ni levothairoksini, yaani homoni ile ile iliyotengenezwa kiwandani. Ni dawa nzuri, na Shirika la Afya Duniani limeitia katika orodha yake ya dawa muhimu. Aliyeanza kuitumia baada ya kuteseka anajua neema yake.

Lakini ni dawa ya kipimo chembamba mno. Hupimwa kwa mikrogramu, na gramu moja ina mikrogramu milioni 1. Wengi hupewa 50, 75 au 100. Ikipungua kidogo tu uchovu unarudi, ikizidi kidogo moyo unakwenda mbio.

Sasa kisa chetu. Ilikuwa mwezi wa Rajabu, msimu wa harusi umepamba moto, kila mtu anataka kuozesha kabla ya mfungo. Mmoja wetu alikwenda duka la dawa kuchukua vidonge vyake kama kawaida. Akapewa boksi la rangi nyengine. Akauliza. Kijana wa pale akamjibu, "Dada, ni ile ile, kampuni tu ndiyo nyengine." Namba ilikuwa ile ile, 100. Bei ilikuwa chini kidogo. Akashukuru, akarudi kazini.

Wiki ya kwanza hapakuwa na kitu. Wiki ya tatu usingizi ukaruka. Ikaja jasho, moyo kupiga kama umekimbizwa, hasira juu ya kitu kidogo, na mikono kutetemeka. Nyinyi mnajua fundi wa shanga asiyeweza kuutia uzi kwenye tundu la sindano anakuwa na hali gani? Tukasema ni uchovu. Tukasema ni kahawa. Jirani yetu, Mungu amlipe kheri kwa mapenzi yake, akasema ni kijicho, kwa sababu duka limeanza kusimama. Tukasomewa dua, na dua tunaiamini, tunaomba mpaka leo. Ila hatukukumbuka kulitazama lile boksi.

Mpaka siku tuliyokuwa tunakata satini ya bi harusi mmoja, kitambaa alicholetewa na mama yake kutoka Dubai, hakina mfano wake hapa mjini. Mkasi ukaruka. Ukaingia kwenye kifua cha gauni, upana wa shubiri. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Hatukumficha mama mzaa bi harusi. Tulikwenda wawili, tukakaa chini, tukamwambia, "Mama, tumekosa." Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Wanangu, kwanza mwende spitali, gauni baadaye." Hatutamsahau. Gauni tulilifumua, tukalijenga upya kwa lesi ya kuungia kifuani, na fedha ya ufundi tuliisamehe yote.

Spitali daktari alichukua damu, akapima kile kipimo wanachokiita TSH. Kikawa chini kabisa, yaani homoni imezidi mwilini. Akauliza, "Umebadilisha kitu?" Tukasema hapana. Akauliza mara ya pili, "Hata boksi la dawa?" Hapo ndipo tulipotazamana.

Alitueleza kwa upole. Alisema kampuni zote hutia dawa yenyewe kwa kiasi kinachoruhusiwa, lakini vile vitu vyengine vinavyokifanya kidonge kishikane, sukari ya maziwa, wanga, rangi, hutofautiana, na mwili unaweza kukifyonza kidonge kimoja vyengine na chengine vyengine. Alisema pia kuwa dawa hii haipendi joto, mwanga wala unyevu. Huenda vile vidonge vya zamani, tulivyokuwa tukiviweka juu ya kabati la jikoni karibu na jiko, vilikuwa vimeshapungua nguvu, na kipimo cha 100 kilipangwa juu ya udhaifu ule. Vilipokuja vipya vyenye nguvu kamili, mwili ukazidishiwa. Akampunguzia dozi, akasema abaki na kampuni moja, arudi kupima baada ya wiki sita. Alhamdulillah, mikono ilitulia.

Msidhani mambo haya ni ya visiwani kwetu tu. Huko Ufaransa, mwezi wa Machi 2017, kampuni ya Merck ilibadilisha vitu vinavyochanganywa katika kidonge chake cha Levothyrox. Ikaondoa sukari ya maziwa, ikatia manitoli na asidi ya sitriki. Serikali yao yenyewe ndiyo iliyotaka kidonge kirekebishwe ili nguvu yake isipungue kinapokaa. Nia ilikuwa njema. Waliokuwa wakikitumia walikaribia watu milioni 3, wengi wao wanawake. Ikawa watu wanalalamika uchovu, kizunguzungu, maumivu ya kichwa, misuli kukaza, nywele kukatika. Wengi hawakujua kuwa kidonge kimebadilishwa. Walikwenda kwa madaktari wakaambiwa ni umri, ni mawazo. Zaidi ya watu laki 2 walitia saini kutaka kidonge cha zamani, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule kikarudishwa kwa muda.

Kesi ilikwenda mahakamani. Mwaka 2019 walalamikaji walishindwa. Mwezi wa Juni 2020 Mahakama ya Rufaa ya Lyon ikawapa haki: kila mmoja kati ya watu zaidi ya 3,300 alipwe euro 1,000. Mwaka 2022 mahakama ya juu ikaikataa rufaa ya kampuni. Na hapa ndipo tunapotaka mtusikilize vizuri. Mahakama haikusema kidonge kipya ni kibovu. Ilisema kosa la kampuni ni kutowaambia watu waziwazi, kwenye boksi na kwenye karatasi ya ndani, kwamba kidonge kimebadilika.

Kabla yao, New Zealand, yalitokea yanayofanana na hayo. Kidonge cha Eltroxin kilibadilishwa mwaka 2007. Katika miaka karibu 30 ya nyuma malalamiko juu yake yalikuwa 14 tu. Baada ya mabadiliko, katika miezi 18, yakapindukia 1,400. Kidonge kilipopimwa, dawa iliyomo ilionekana iko sawa. Wako wataalamu waliosema khofu na habari za kwenye televisheni zilizidisha malalamiko.

Inawezekana. Hatukatai kwamba khofu nayo inaumiza mwili. Lakini tunauliza, khofu hiyo ilitoka wapi? Mtu akikwambia mapema, "Bibi, kidonge kinabadilishwa, sababu ni hii, ukihisi hivi na hivi rudi upimwe," utaogopa nini? Khofu huja pale unapougua, unauliza, unaambiwa unajitia, kisha unagundua mwenyewe kuwa kitu kilibadilishwa nyuma yako.

Rai yetu ni hii: mgonjwa wa tezi ana haki ya kuambiwa kila mara kidonge chake kinapobadilishwa kampuni, na ana haki ya kupimwa upya baada ya wiki sita hadi nane. Tunaomba ichukuliwe kuwa ni amana, isiwe hisani.

Tunajua majibu yatakayokuja. Wauza dawa watasema, "Dawa zote zimethibitishwa, mnataka kuwatisha watu." Hapana. Hatuwatishi, wala hatuzidharau dawa za bei nafuu. Zingekuwa hazipo, mama zetu wengi wasingetibiwa. Watu wengi hubadilisha kampuni na hawahisi chochote. Lakini sisi mafundi tunajua kitu kimoja. Ukichukua vipimo vya mabibi harusi mia, ukavijumlisha, ukavigawa, ukashona gauni moja kwa kipimo cha katikati, gauni lile litakuwa sahihi kwa hesabu, na mabibi harusi wengi litawabana au litawapwaya. Dawa nazo hulinganishwa kwa wastani wa watu. Wastani ukiwa sawa, haina maana kila mwili uko sawa. Ndiyo maana gauni hujaribiwa kabla ya siku ya harusi, na ndiyo maana damu ipimwe baada ya kubadilisha kidonge.

Watasema pia, "Mzigo haupatikani, tunauza kilichopo." Ni kweli, sisi ni watu wa kisiwani, tunajua meli ikichelewa. Lakini kumwambia mteja hakuhitaji meli. Sisi tukikosa uzi wa rangi aliyoichagua mteja, hatuutii mwengine kimyakimya tukasema ni ule ule. Tunampigia simu. Kama tunafanya hivyo kwa uzi, kwa nini isiwe hivyo kwa kitu kinachoingia kwenye damu ya mtu?

Na wengine watasema, "Mwachie Mungu." Tumemwachia, na kwake tunategemea. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kumfunga ngamia kwanza kisha kutawakali, na ametuhimiza kutafuta dawa. Mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu. Kuuliza unachomeza ni katika kuichunga amana, si upungufu wa imani.

Lawama nyengine ni yetu wenyewe. Tunauliza bei ya kitenge maduka matano, na dawa tunaipokea kama ilivyofungwa. Kwa hiyo tumejiwekea utaratibu pale dukani, na tunawashauri nanyi.

Kwanza, usitupe boksi la zamani mpaka uwe umeshapata jipya na umeyalinganisha. Piga picha jina la dawa, kampuni na namba ya mikrogramu. Kama vimetofautiana, muulize muuzaji na mjulishe daktari wako. Andika tarehe uliyoanza boksi jipya.

Pili, usiache dawa kwa hasira, wala usijipunguzie mwenyewe. Dawa hii hukaa mwilini siku nyingi. Baada ya wiki moja hivi nusu ya ile uliyoimeza bado ipo. Ndiyo maana madhara hayaji siku ya pili, na ndiyo maana hayaondoki siku ya pili. Ukiona moyo unakwenda mbio, jasho, kutetemeka, kukosa usingizi, au upande wa pili, uchovu, baridi, choo kigumu na nywele kukatika, nenda ukapimwe damu. Kifua kikiuma au pumzi ikikata, usingoje miadi, kimbilia spitali saa ile ile.

Tatu, imeze kwa maji, tumbo tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Kahawa inazuia kidonge kisifyonzwe vizuri. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu viachane nacho saa nne. Kabla ya kulilaumu boksi jipya, hakikisha si kahawa yako.

Nne, kiweke mahali pakavu, pasipo jua wala joto la jiko. Sisi sasa vyetu viko chumbani ndani ya mtoto wa kabati.

Tano, madhara yakitokea yaripotiwe. Mamlaka zinazosimamia dawa, ZFDA hapa Zanzibar na TMDA kule Bara, zinapokea taarifa za madhara ya dawa. Mwambie daktari au muuza dawa akujazie fomu. Ufaransa wasingesikilizwa kama kila mmoja angenung'unika chumbani kwake.

Sasa tuje kwenu mabibi harusi, kwa sababu nyinyi ndio mliotufanya tuandike.

Tunawaona. Mnakuja kupimwa, mnafungua pochi, tunaona kidonge kimefungwa ndani ya karatasi ya kawaida ili wifi asijue. Mwanangu, hukuiba. Maradhi ya tezi si aibu na hayakuondolei uanamke wako. Mwambie mumeo mtarajiwa, kwa kheri, kabla ya nikaha. Ndoa ikijengwa juu ya kufichana vidonge, siku boksi likibadilika utaugua peke yako, na yeye ataiona hasira yako tu asijue imetoka wapi. Wangapi wameitwa wana kisirani katika mwezi wa kwanza wa ndoa, kumbe ni dozi?

Fungate nalo lina mtihani wake. Chai inaletwa asubuhi na mapema, maandazi, supu, watu wanagonga mlango, na wewe hujameza kidonge na unaona haya kusema ngoja. Siku moja ikipita si msiba. Siku saba zikipita, utajiona. Mwambie somo wako tangu mapema, yeye ndiye atakayekupangia.

Jengine ni vidonge vya nywele na kucha. Mabibi harusi wengi wanakunywa biotini miezi mitatu kabla ya harusi ili nywele zijae. Biotini inaweza kuvuruga majibu ya kipimo cha tezi, damu ikaonyesha homoni imezidi na kumbe haikuzidi. Iache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, na umwambie daktari kama unaitumia. Na unga wa mwani unaouzwa siku hizi kwa ajili ya uzuri, mwani una madini joto, na madini joto yanaigusa tezi moja kwa moja. Muulize daktari kwanza.

La mwisho kwenu ni mimba. Ukiingia ndoani na ukipata bahati hiyo, nenda ukapimwe tezi mapema kabisa, mara tu unapojua. Mwili wa mjamzito huhitaji homoni zaidi, na mara nyingi dozi huongezwa. Upungufu usiotibiwa unaweza kuleta kuharibika kwa mimba. Huo si wakati wa kubadilishiwa boksi bila ya kujua.

Na Ramadhani inakuja. Wako wanaoacha kidonge mwezi mzima wakidhani hakuna njia. Iko. Wengine hukimeza usiku wa manane kabla ya kulala, tumbo likiwa halina chakula kwa saa tatu, wengine huamka mapema kabla ya daku. Nenda kwa daktari Shaabani, mpange pamoja, usingoje mwezi uandame.

Yule bi harusi wetu aliolewa siku yake. Gauni lilipendeza, na lesi ile ya kifuani watu waliisifia, hakuna aliyejua chini yake kuna mkato. Sisi tulikaa nyuma ya ukumbi tukiangalia. Mwaka huu mama yake ametuletea gauni la mtoto wa pili. Kabla hajatufungulia kitambaa aliuliza, "Dawa mnapimwa?" Tukamwambia, "Tunapimwa, mama."

Nasi tunawauliza nyinyi swali lilo hilo. Usiku huu, kabla hujalala, lichukue boksi lako ulisome. Kama unaye mama anayemeza kidonge hiki na hajui kusoma maandishi yale madogo, msomee.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote, awape subira wanaouguza, na awajaalie mabibi harusi wetu ndoa za mapenzi na huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.